Cheti cha afya cha kupeleka nyama nje kinaanza mbuzi akiwa hai

Mzigo wa Ghuba (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Nashughulika na karatasi za mizigo ya nyama na ngozi hapa Dodoma. Simu ninayopigiwa kuliko zote ni hii: "Kaka, mteja yupo Dubai, nyama iko kwenye friza, imebaki cheti cha afya tu. Nakipataje haraka?" Hilo "imebaki tu" ndilo linalowaponza watu. Nyama ikishaingia friza bila maandalizi, hakuna tena cha kuombea cheti. Tafuta mnunuzi hapa hapa mjini.

Sababu yake haina uchawi. Cheti kile ni kauli ya daktari wa mifugo wa serikali yetu kwenda kwa daktari mwenzake wa nchi nyingine. Anamwambia: wanyama hawa walikaguliwa wakiwa hai na hawakuonyesha dalili za ugonjwa, walichinjwa kwenye machinjio yaliyoidhinishwa, nyama ikakaguliwa tena baada ya kuchinjwa, na wametoka eneo lisilo na karantini. Sasa mpe boksi la nyama iliyoganda akuambie kama mbuzi yule alikuwa na homa asubuhi aliyochinjwa. Atajuaje?

Kanuni za Shirika la Afya ya Wanyama Duniani (lile la Paris tulilozoea kuliita OIE, tangu 2022 linaitwa WOAH) zinamtaka athibitishe yale tu anayoyajua mwenyewe, au yaliyothibitishwa kwa maandishi na mwenye mamlaka. Hatakiwi kusaini fomu tupu wala iliyojazwa nusu, na hatakiwi kusaini mzigo ambao yeye ana maslahi nao. Kwa hiyo hata kama daktari ni shemeji yako na mnakula sahani moja, tena hasa kama ni shemeji yako, usimsumbue.

Safari ya cheti inaanzia kwa mnunuzi. Mwambie aende kwenye mamlaka ya nchi yake alete masharti kwa maandishi: nyama ya mbuzi kutoka Tanzania, ya baridi au ya kuganda, yenye mfupa au isiyo na mfupa. Kama nchi yake inatoa kibali cha kuingiza, akichukue kabla hujanunua hata mbuzi mmoja. Ziko nchi zenye orodha ya machinjio zinayoyatambua, kwa hiyo jambo la pili ni kujua utachinjia wapi. Machinjio yanaweza kuwa na vigae hadi darini na maji ya moto saa zote, lakini kama nchi unayopeleka haiyatambui, cheti hakina pa kushika.

Masharti yakifika ndipo unapanda Mtumba, kwenye mji wa serikali, Wizara ya Mifugo na Uvuvi, kwa Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo. Maombi ya vibali ni mtandaoni, unapewa namba ya malipo, unalipa. Usajili wa mfanyabiashara wa nyama uko Bodi ya Nyama, iliyoundwa kwa Sheria Na. 10 ya 2006. Mambo ya magonjwa na mizigo ya wanyama kuvuka mipaka yanasimama juu ya Sheria ya Magonjwa ya Wanyama Na. 17 ya 2003. Ukiwa na muda isome, si ndefu kama watu wanavyodhani.

Karibuni, anayejua zaidi aongeze.

Mbuzi wa Bahi

Mkuu asante kwa uzi, umekuja wakati wake. Mimi niko Bahi, mbuzi ninao na majirani wanao. Kuna jamaa ananishawishi tuchinje hapa hapa kijijini mbele ya afisa mifugo wa kata, agonge mhuri, halafu tuondoke usiku na gari la baridi hadi uwanja wa ndege Dar. Anasema mhuri wa serikali ni mhuri wa serikali tu. Kweli?

Mzigo wa Ghuba

Mhuri ni wa serikali kweli, ila unasema habari nyingine. Afisa mifugo wa huko anaweza kukusaidia upate kibali cha kusafirisha mifugo ndani ya nchi: mbuzi wangapi, wa nani, wanatoka wapi, wanakwenda wapi, kwa gari gani. Kibali hicho usikitupe mfukoni kikachakae. Daktari anayesaini cheti cha nje anaulizwa wanyama wametoka wapi, na kibali chako ndicho kinachomjibia.

Ndiyo maana mbuzi wa kuokoteza mnadani wanasumbua. Ukinunua Msalato Jumamosi, huyu katoka Chamwino, yule Kondoa, wale wawili mwenye nao mwenyewe hajui aliwanunua wapi. Ikitokea wilaya moja kati ya hizo ina karantini, mzigo mzima una doa. Shika stakabadhi ya kila kundi na uwaandike kwa makundi.

Kuhusu kuchinja kijijini: mwambie jamaa hapana. Pale hakuna chumba cha baridi wala mkaguzi aliyewaona wakiwa hai, na hakuna namba ya machinjio ya kuandika kwenye fomu.

Mkaguzi Mstaafu

Vijana, salaam. Mimi ni mtu wa Mpwapwa, nimestaafu ukaguzi wa nyama. Mleta uzi amesema kweli, ila ameruka kazi yenyewe, nami naona tuiweke hapa ili mtu ajue analipia nini.

Mbuzi wanafika machinjioni, wanapumzika, wanapewa maji. Mkaguzi anawatazama wakiwa wamesimama na wakitembea. Anatazama macho, pua, mdomo na matako. Mwenye machozi mazito, makamasi, vidonda mdomoni na anayehara, akili inakwenda moja kwa moja kwenye sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyothibitishwa nchini 2008. Anayekohoa na kunyoosha shingo akitafuta hewa, unafikiria homa ya mapafu ya mbuzi. Hao hawaingii kwenye mstari wa kuchinja, na hapo si suala la kumtoa mmoja ukaendelea na wengine kama vile hakuna kilichotokea.

Wakishachinjwa unashika kichwa, ulimi, tezi, mapafu, moyo, ini. Kwa homa ya mapafu mara nyingi ni pafu la upande mmoja: limekuwa gumu, limegandana na mbavu, na kifuani kuna maji ya rangi ya majani makavu. Ukiliona mara moja hulisahau. Ini unalipapasa na kulikata kutafuta minyoo bapa na malengelenge ya maji. Kila unachokitupa unakiandika. Daftari lile la mkaguzi ndilo linalokwenda kumpa daktari ujasiri wa kusaini. Daftari likiwa jeupe kabisa, hakuna ini lililotupwa wala pafu, mimi ningeanza kumshuku mkaguzi.

Binti wa Manyoni

Shikamoo mzee. Maelezo yako yamenifanya niuangalie upya mshikaki.

Mkaguzi Mstaafu

Marahaba binti. Kula tu, ila muulize muuzaji mhuri uko wapi.

Niongeze jambo la saa 24, maana hapo ndipo wenye haraka wanaponaswa. Hapa Dodoma mwaka 2007 tulipigwa na Homa ya Bonde la Ufa, na mkoa wetu uliumia kuliko mingine. Ng'ombe, mbuzi na kondoo walitupa mimba, watu walikufa, na mabucha yakakosa wateja. Miaka saba kabla ya hapo, mwaka 2000, ugonjwa huo huo ulikuwa umeingia Saudi Arabia na Yemeni, mara ya kwanza kuonekana nje ya Afrika. Mifugo ya Pembe ya Afrika ikapigwa marufuku kule. Waarabu hawajasahau, kwa hiyo usishangae fomu yao kuwa na mstari wa ugonjwa huo.

Dawa yake kwenye nyama ni muda. Baada ya kuchinja, nyama inakaa kwenye chumba cha baridi kisichoshuka chini ya nyuzi 2, kwa saa 24 au zaidi. Ndani ya muda huo nyama inajitengenezea asidi, na virusi hivyo havipendi asidi. Kwa ng'ombe, kwa sababu ya ugonjwa wa miguu na midomo, wanakwenda mbali zaidi: mkaguzi anachoma kipimo katikati ya msuli mrefu wa mgongoni, kulia na kushoto, na pH (kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi imepanda) lazima isomeke chini ya 6.0. Halafu nyama inatolewa mifupa na tezi.

Sasa kijana anayechinja saa 10 alfajiri na saa 4 asubuhi nyama iko kwenye friza kali, anadhani ameiokoa. Ikigandishwa mapema hivyo, asidi haikupata nafasi. Kama fomu inadai saa 24, mzigo huo hauna cheti, hata uwe mzuri wa kung'aa.

Mzigo wa Ghuba

Mzee hapo umenisaidia sana, maana mimi nikilisema watu wanadhani nawabania. Na ndiyo sababu nasema masharti ya mnunuzi yasomwe kabla ya kupanga saa ya kuchinja. Nchi moja itataka hilo, nyingine haitauliza.

Njia Mkato

Nyie mnapenda kutisha watu. Kuna jamaa mjini anatoa hicho cheti, unampa laki kadhaa, una karatasi yenye nembo na mhuri. Mizigo inapita kila siku. Hizo pH na mapafu ni za darasani.

Mzigo wa Ghuba

Karatasi yenye nembo hata mtoto wa stesheneri anaweza kukutolea. Nchi inayopokea haiangalii nembo. Inaangalia namba ya cheti, saini na mhuri ambavyo ilishapokea mifano yake, na ikitilia shaka inaiandikia wizara yetu moja kwa moja. Jibu likirudi kwamba namba hiyo haipo kwenye kumbukumbu, nyama yako inateketezwa kwa gharama yako. Halafu hapa nyumbani unakutana na kosa la kughushi nyaraka ya serikali, ambalo si la kuongelewa kwa laki kadhaa.

Na wanaoumia hawaishii kwako.

Sato wa Mwanza

Hilo tuulizeni sisi wa ziwani. Mwaka 1999 Ulaya ilifunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria kwa tuhuma za watu kuvua kwa sumu. Waliotumia sumu ni wachache, viwanda vilivyosimama ni vyote, na wabeba samaki wa mialoni wakarudi nyumbani na vikapu vitupu. Tangu hapo kiwandani kwetu karatasi inaheshimiwa kuliko meneja. Kila boksi lina namba ya siku na kundi, na samaki hatoki kabla majibu ya maabara hayajafika. Njia Mkato, ukitaka kuwafungia watu wa Dodoma biashara ya mbuzi, endelea na jamaa yako.

Njia Mkato

Sawa, nimekusikia. Lakini usiseme serikali nayo haicheleweshi watu.

Mzigo wa Ghuba

Sijasema hivyo. Kuna kuchelewa, na kuna siku mfumo uko chini na ndege haikusubiri. Ninachokwambia ni kwamba kuchelewa kwingi ninakokuona mezani kwangu kunatokana na mtu kuleta maombi bila masharti ya nchi anayopeleka. Afisa anamwuliza "kule wanataka nini?" naye anajibu "nyama." Afisa afanye nini hapo?

Mama Ngozi Kondoa

Habari zenu wanangu. Mimi ni wa ngozi. Ngoja niwape yangu, msije mkadhani cheti kikishasainiwa mambo yameisha.

Nilipeleka kontena la ngozi zilizosindikwa nusu, zile za wetiblu. Cheti kimeandikwa vizuri, namba ya kontena ipo, namba ya sili (ile lakiri ya kufungia mlango) ipo, daktari amesaini kwa wino wa bluu. Wakala niliyemkabidhi mzigo akafika bandarini, kontena likaonekana lina tundu juu, akahamishia ngozi kwenye kontena jingine na kufunga sili mpya. Hakunipigia simu mimi, wala daktari. Meli ikaondoka. Kule mzigo unafika, wanasoma cheti: kontena hili silo, sili hii siyo. Kwao wao, ngozi zilizo kwenye cheti hazijafika, na zilizofika hazina cheti. Zikakaa bandarini kwao zikila gharama za kuhifadhi, na wakala ananiambia eti "mama, si ngozi ni zile zile?"

Kilichoniokoa ni cheti mbadala. Si kufuta namba ya zamani na kuandika mpya, wala msithubutu. Wizara ilitoa cheti kingine kinachotaja namba na tarehe ya kile cha kwanza, na kusema waziwazi kwamba hiki kinachukua nafasi ya kile. Ili wakitoe ilibidi nilete ushahidi wa kilichotokea bandarini, na yule wakala kuandika barua ilikuwa kama kumng'oa jino.

Mzigo wa Ghuba

Mama, pole na asante. Hili wengi hawalijui. Wakuu, chukueni fomu yoyote ya cheti muisome kisanduku kwa kisanduku kabla mzigo haujafungwa. Juu kabisa kuna jina la msafirishaji na la mpokeaji: yawe herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye ankara na kwenye kibali cha kuingiza. "Co. Ltd" upande mmoja na "Company Limited" upande mwingine nimeona ikileta maswali. Kuna namba ya kumbukumbu ya cheti, nchi na eneo la asili, mahali pa kupakilia, tarehe ya kuondoka, chombo cha usafiri, kituo cha kuingilia. Kisha aina ya bidhaa na namba yake ya forodha. Nyama ya mbuzi ni 0204.50, na haijalishi kama ni ya baridi au imeganda. Halafu uzito, idadi ya maboksi, hali ya joto, namba ya kontena na sili, na matumizi: chakula cha binadamu au kitu kingine.

Sehemu ya chini ndiyo kauli ya daktari, na hapo hakuna cha kuchezea. Mistari isiyohusika anaikata yeye na kuweka saini na mhuri pembeni. Wino wake uwe wa rangi tofauti na maandishi yaliyochapwa, ili nakala isijifanye halisi. Kama cheti kina kurasa tatu, kila moja ionyeshe ni ya ngapi kati ya tatu.

Namba ya sili inajulikana baada ya mlango kufungwa, kwa hiyo daktari awepo wakati wa kupakia. Mpangie usafiri na muda mapema. Kutoka hapa hadi Dar ni kama kilomita 450, na ukishafungiwa sili Dodoma usiruhusu dereva afungue njiani "kupunguza harufu" au kumpakia mtu begi lake. Kituo cha ukaguzi pale uwanjani wanatazama sili na joto, na wana haki ya kukurudisha.

Ugogoni Boy

Mama Ngozi shikamoo. Ngozi mbichi je? Mimi nazipata machinjioni kwa bei ya kutupa.

Mama Ngozi Kondoa

Marahaba baba. Ngozi ghafi ina ushuru mkubwa wa kuipeleka nje, serikali inataka ziongezwe thamani hapa. Piga hesabu hiyo kwanza kabla ya hesabu ya cheti. Ukiona bado inalipa, jua kwamba ghafi ndiyo yenye masharti magumu ya afya. Yangu ikishafika wetiblu, kwa magonjwa kama miguu na midomo hawana wasiwasi nayo tena, dawa za kiwandani zimeshamaliza kazi. Yako iliyotiwa chumvi tu itaulizwa chumvi gani na siku ngapi.

Mkaguzi Mstaafu

Kwa kawaida wanataka chumvi iliyochanganywa na asilimia 2 ya sodiamu kabonati, na ngozi zikae humo siku 28. Yaani kwenye kilo 100 za mchanganyiko, kilo 98 ni chumvi na kilo 2 ni hiyo sodiamu kabonati.

Ugogoni Boy

Mzee, sodiamu kabonati si ndiyo magadi? Kwa bibi yangu yapo ya kupikia maharage.

Mkaguzi Mstaafu

Ndugu zake, ndiyo. Lakini magadi ya bibi yana udongo, yana chumvi nyingine, na hakuna ajuaye asilimia yake. Daktari atasainije kwamba ni 2? Nunua ya viwandani yenye lebo, tunza risiti, andika tarehe ya kuanza kwenye kila rundo. Siku ya ukaguzi anakuja kusoma tarehe zako, na rundo lisilo na tarehe kwake limeanza leo.

Ugogoni Boy

Na ngozi ya punda? Niliwahi kusikia zina pesa.

Mzigo wa Ghuba

Sahau. Umoja wa Afrika Februari 2024 ulikubaliana kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Punda wa Dodoma wameshaonja hiyo biashara, waache wabebe maji.

Asali ya Itigi

Samahani kuingilia mambo ya nyama. Asali nayo inahitaji cheti cha afya, au huko tunahesabiwa kama mazao ya shamba?

Mzigo wa Ghuba

Karibu. Ulaya asali ni zao la mnyama na ina fomu yake ya cheti. Tena nyie mna bahati: Tanzania imo kwenye orodha ya nchi zinazoruhusiwa kuingiza asali kule, kwa sababu tunao mpango wa kupima mabaki ya dawa kwenye asali. Nyama yetu ya ng'ombe na mbuzi haimo. Kwa hiyo mtu akikuambia ana soko la nyama ya mbuzi Ujerumani, mpongeze na uendelee na shughuli zako. Ila nyuki wako Maliasili na Utalii, si Mifugo, kwa hiyo anzia kwa afisa nyuki wa halmashauri yako.

Binti wa Manyoni

Na cheti cha halali? Nimeona mahali wameandika cheti cha afya na halali kana kwamba ni kitu kimoja.

Mzigo wa Ghuba

Ni viwili, na kimoja hakifuniki kingine. Cha halali kinahusu uchinjaji wenyewe na kinatolewa na chombo cha dini ambacho nchi inayopokea inakitambua. Hapa watu huanzia BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania), lakini muulize mnunuzi nchi yake inamtambua nani. Karatasi nyingine mnazozisahau ni cheti cha asili ya bidhaa cha TCCIA (chemba ya wafanyabiashara) na kipimo cha mionzi cha Tume ya Nguvu za Atomiki. Hiki cha mionzi watu hukikumbuka wakiwa uwanja wa ndege. Na bado kuna wanaoulizia TFDA, ile iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa. Mambo ya chakula yalihamia TBS, Shirika la Viwango, tangu 2019.

Mbuzi wa Bahi

Nimesoma yote. Kwa kweli naona mfugaji kama mimi tumeachwa nje. Machinjio si yangu, chumba cha baridi si changu, kibali cha Dubai si changu. Mimi nina mbuzi na fimbo.

Mzigo wa Ghuba

Nitakuambia ninavyoona, usikasirike. Usisafirishe nyama wewe. Uza mbuzi hai kwa machinjio yenye soko la nje, ila uza mbuzi wenye karatasi: chanjo imeandikwa, heleni ipo sikioni, kibali cha kusafirisha kipo, kundi moja kutoka sehemu moja. Machinjio yale yanahangaika na mbuzi wa mnadani wasiojulikana walikotoka.

Njia Mkato

Hapo sasa ndipo mnapodanganya watu. Mbuzi mwenye heleni na asiye na heleni mnadani ni bei ile ile. Mnunuzi anashika kiuno, anakadiria kilo, anatoa hela.

Mzigo wa Ghuba

Mnadani ni kweli, sina ubishi. Ndiyo maana nasema aende machinjioni moja kwa moja na kundi, siyo mnadani na mmoja mmoja. Bei pale inaongeleka, ingawa si kila machinjio yatakupandishia. Wengine watachukua karatasi zako na kukulipa bei ya Msalato vile vile.

Mkaguzi Mstaafu

Kuhusu heleni na chanjo, sheria ya utambuzi wa mifugo ipo tangu 2010, Na. 12. Kwa muda mrefu ilikuwa ya kwenye kabati. Kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi iliyozinduliwa Juni 2025 kule Bariadi ndiyo imeitoa nje: ng'ombe wanachanjwa homa ya mapafu, mbuzi na kondoo sotoka yao, kuku mdondo. FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa) na WOAH wanataka sotoka ya mbuzi iishe duniani ifikapo 2030, kama ile ya ng'ombe iliyotangazwa kumalizika 2011. Mimi niliwahi kukutana na wazee walioiona ya ng'ombe, sikudhani ningeishi kusikia imekwisha. Kijana wa Bahi, wakija kuchanja usiwafiche mbuzi porini. Najua mnavyofanya.

Mbuzi wa Bahi

Hahaha mzee, hilo la kuficha umeniotea. Wangu wameshachanjwa wote safari hii.

Mkuu, kuna ndugu yangu yuko Muscat, ndiye aliyesema anataka nyama. Nimwandikie nini ili asinizungushe?

Mzigo wa Ghuba

Mwandikie hivi, ubadilishe upendavyo:

"Ndugu, kabla hatujaongea bei naomba unitumie masharti ya afya ya wanyama ya nchi yako kwa nyama ya mbuzi kutoka Tanzania, mfano wa fomu ya cheti wanayoikubali, na uniambie kama unahitaji kibali cha kuingiza na nani anakitoa. Niambie mzigo utaingilia kituo gani, machinjio gani ya Tanzania yanatambuliwa huko, na chombo gani cha halali. Unataka ya baridi au iliyoganda, mzima mzima au vipande, na uzito gani kwa mbuzi mmoja?"

Akijibu yote hayo, ana soko. Akikujibu "wewe tuma tu, nitaongea na watu," huyo ni ndugu wa kusalimiana naye sikukuu.

Mbuzi wa Bahi

Nimetuma jana usiku. Leo amejibu: kibali anakwenda kuulizia mwenyewe wizarani kwao, anataka mbuzi mzima mzima, wadogo, wa baridi, kwa ndege. Fomu atatuma wiki ijayo. Ananiuliza nyama ya baridi itakaa siku ngapi.

Mzigo wa Ghuba

Huyo anajua anachofanya. Swali la siku usilijibu wewe. Fomu ikifika nenda nayo kwenye machinjio unayoyafikiria, mkae na mtu wao wa chumba cha baridi, mpige hesabu ya saa 24 za mzee, safari ya Dar na ratiba ya ndege. Ukipata jibu lao ndipo umtumie. Na mbuzi wadogo anaowataka, anza kuwatenga sasa.

Mbuzi wa Bahi

Nawatenga kesho asubuhi kabla hawajatoka kwenda malishoni. Fomu ikija naiweka hapa.